Mchagua Jembe: Fizikia ya Vifaa vya Kutengeneza Kizazi Kilichoshuka

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hii huwakanya wavivu wanaotafuta kisingizio cha kutofika shambani. Hata hivyo, atembeleaye mashamba ya ulezi, mahindi na mihogo katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, ataona kwamba mkulima hodari ni mchaguzi kwelikweli. Hukata mpini kwa kadiri ya kimo chake, hulainisha mafundo yachubuayo viganja, na hukaza jembe lisicheze. Hafanyi hivyo kwa uvivu. Ataka nguvu zake ziishie ardhini, zisiishie mgongoni.

Elimu ya kulinganisha kazi na kifaa na mwili wa mfanyaji huitwa ergonomia. Neno hili limeundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki, ergon yaani kazi, na nomos yaani kanuni. Mtaalamu wa Kipoland, Wojciech Jastrzębowski, alilitumia katika maandishi yake mwaka 1857. Makala haya yanakusudia kuonyesha elimu hiyo ikifanya kazi mahali ambapo wengi wetu hatujapatazama, yaani katika chumba cha upasuaji, daktari anapotengeneza kizazi kilichoshuka. Mwalimu wa fizikia atakuta humo nyenzo, momenti, kanieneo na mwanga. Mwanafunzi ataona kwamba kanuni anazozikariri kwa ajili ya mtihani zinahusu afya ya mama yake na nyanya yake.

Sakafu inayobeba

Chini ya tumbo la mwanamke, ndani ya mifupa ya nyonga, mna viungo vitatu vilivyopangana: kibofu cha mkojo mbele, mji wa mimba katikati, na mwisho wa utumbo mpana nyuma. Viungo hivyo hushikiliwa kwa njia mbili. Kwanza, hubebwa kwa chini na misuli iliyotandazwa kama machela, ambayo huitwa sakafu ya nyonga. Pili, hufungwa kwa kano zinazotoka kwenye mifupa. Maadamu misuli inabeba, kano hazivutwi sana. Misuli ikilegea au kuchanika, mzigo wote huziangukia kano, nazo hunyooka polepole mwaka hata mwaka. Ndipo kiungo kimoja au zaidi hushuka ndani ya uke, na pengine hutokeza nje.

Sababu zake ni nyingi: kuzaa mara nyingi, uchungu wa muda mrefu, umri, kikohozi cha siku nyingi, kufunga choo, na kazi ya kunyanyua vitu vizito. Uchunguzi uliofanywa vijijini mkoani Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2018 uliwapima wanawake zaidi ya 1,000. Takriban asilimia 65 walikutwa na kushuka kwa daraja la pili au zaidi. Wengi wao walikuwa na kushuka kidogo tu, lakini karibu asilimia 7 viungo vilikuwa vimepita mlango wa uke kwa nusu sentimeta au zaidi. Ukulima na ubebaji wa mizigo mizito kwa saa nyingi vilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoambatana na ugonjwa huo. Msomaji wa Mara hahitaji kuelezwa kazi hiyo ni ipi. Anaiona kila alfajiri katika njia za visimani.

Ugonjwa huu hauui upesi, na ndiyo maana husahauliwa. Lakini humfanya mama ashindwe kuketi vizuri, mkojo umtoroke, na unyumba uwe adha. Wengi hunyamaza kwa aibu, wakidhani ni laana au ni adhabu ya uzee. Sivyo. Ni kano na misuli iliyozidiwa na kani.

Hesabu ya mzigo

Ndoo ya lita 20 za maji ina masi ya kilogramu 20, yaani uzito wa nyutoni 200 hivi. Mama anapoiinua kutoka ardhini hadi kichwani, hukaza tumbo na kuzuia pumzi. Kanieneo ndani ya tumbo hupanda na kusukuma pande zote, pamoja na chini, mahali ambapo misuli ya sakafu imeacha upenyo kwa ajili ya uke na njia za haja.

Tukumbuke kwamba kani ni kanieneo mara eneo. Tuseme, kwa mfano wa darasani, kanieneo limepanda kufikia nyutoni 0.8 kwa kila sentimeta ya mraba. Ikiwa upenyo una eneo la sentimeta za mraba 20, kani inayosukuma viungo nje ni 0.8 × 20, yaani nyutoni 16. Upenyo ukipanuka baada ya uzazi mgumu hadi sentimeta za mraba 30, kani ni nyutoni 24. Ndoo ni ile ile na mama ni yule yule, bali msukumo umeongezeka kwa nusu. Hivyo ugonjwa hujilisha wenyewe: kadiri mlango unavyopanuka, ndivyo kani ya kuupanua zaidi inavyokua.

Matibabu kwa ufupi

Si kila aliyeshukwa na kizazi huhitaji kisu. Kushuka kidogo huweza kupunguzwa kwa mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga, ambayo Dakta Arnold Kegel wa Marekani aliyaeleza mwaka 1948. Njia nyingine ni pesari, yaani kiduara cha silikoni au plastiki kinachowekwa ukeni ili kushikilia viungo.

Pale ambapo hayo hayatoshi, hufanywa upasuaji. Mara nyingi hupitia ukeni, bila kupasua tumbo. Mgonjwa hulazwa chali, miguu ikiwa imeinuliwa na kutengwa. Mpasuaji huketi mbele yake, na wasaidizi husimama kandokando. Huenda mji wa mimba ukaondolewa, au ukaachwa. Kisha kuta za uke zilizolegea hushonwa, na sehemu ya juu ya uke hufungwa kwenye kano imara. Kwa miaka kadhaa nchi tajiri zilitumia sana wavu wa plastiki badala ya kutegemea nyama za mgonjwa mwenyewe. Lakini madhara yalizidi, na mwezi Aprili 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru nyavu za kutengenezea kushuka kwa viungo kupitia ukeni zisiuzwe tena nchini humo. Kwa hiyo sindano, uzi na mkono wenye ustadi vimerudi mahali pake pa heshima.

Hebu sasa tuvitazame vifaa hivyo kwa macho ya mwanafizikia.

Kishika-sindano: wenzo wa daraja la kwanza

Sindano ya mpasuaji imepindika kama mwezi mchanga, na haishikwi kwa vidole. Hushikwa kwa kifaa kinachofanana na mkasi usio na makali. Egemeo lake liko kati ya jitihadi na mzigo, kwa hiyo ni wenzo wa daraja la kwanza.

Tuseme vidole vinakaza kwa kani ya nyutoni 10, umbali wa sentimeta 15 kutoka kwenye egemeo, nayo sindano iko sentimeta 2.5 upande wa pili. Kwa kanuni ya momenti:

10 × 15 = kani ya taya × 2.5

Kani ya taya ni nyutoni 60, na manufaa ya kimakanika ni 6. Ndiyo maana taya za kifaa hiki hufanywa fupi na mikono yake mirefu. Fundi akirefusha taya hadi sentimeta 5, sindano itashikwa kwa nyutoni 30 tu, nayo itazunguka inapokutana na kano ngumu. Aidha, karibu na vishikio pana meno madogo yanayojifunga. Yakishaumana, chuma ndicho kinachoendelea kukaza, na misuli ya kiganja hupumzika. Meno hayo ni madogo kama punje za ulezi, lakini yamepunguza uchovu wa mikono isiyohesabika.

Kinyume chake ni kibano cha kushikia nyama. Egemeo lake liko mwishoni na vidole hubana katikati, kwa hiyo ni wenzo wa daraja la tatu. Manufaa yake ya kimakanika ni chini ya 1. Je, hiyo ni kasoro? La. Nyama laini haitaki kani kubwa, bali yataka kuguswa kwa upole.

Urefu na gharama yake

Kazi hii hufanyika ndani ya shimo jembamba lenye kina cha sentimeta 8 hadi 10 au zaidi. Kifaa kifupi huujaza mlango kwa vidole vya mpasuaji, naye asione anachoshona. Kwa hiyo hutumia vifaa vyenye urefu wa sentimeta 20 na zaidi.

Lakini urefu una gharama yake. Kifundo cha mkono kikitikisika kwa pembe ya digrii 1 tu, ncha iliyo umbali wa sentimeta 12 husogea milimeta 2. Ncha iliyo umbali wa sentimeta 24 husogea milimeta 4. Jambo hili si dogo. Kwa mfano, njia moja ya kushikilia uke, ambayo Randall na Nichols wa Marekani waliieleza mwaka 1971, ni kuushona kwenye kano iliyo kati ya mfupa wa mkiani na mwiba wa fupanyonga. Uzi hupitishwa sentimeta 2 hivi ndani ya mwiba huo, kwa sababu karibu na mwiba hupita mishipa mikubwa ya damu pamoja na neva. Kati ya usalama na hatari hapo pana upana wa kidole tu. Kwa ajili hiyo mafundi walibuni ndoano maalumu zenye shingo iliyopinda, ili mpasuaji azungushe mkono wake mahali penye nafasi na ncha itende kazi mahali pasipo na nafasi.

Anayekosa vifaa hivyo hujilinda kwa kanuni rahisi: huegemeza mkono wa mbele pajani kwake au mezani. Mwandishi mzuri wa hati hafanyi vingine. Haandiki mkono ukining'inia hewani.

Kitanua na kanieneo

Ili mpasuaji aone, kuta za uke hutanuliwa kwa bamba la chuma. Msaidizi akivuta kwa nyutoni 30 na bamba likagusa nyama kwa eneo la sentimeta za mraba 3, kanieneo ni nyutoni 10 kwa kila sentimeta ya mraba. Bamba likiwa na eneo la sentimeta za mraba 6, kanieneo hupungua hadi 5. Bamba pana huiumiza nyama kidogo, ila hula nafasi. Uchaguzi wa bamba basi ni mapatano baina ya nyama na nafasi.

Naye msaidizi? Anasimama kando ya paja la mgonjwa, amepinda kiuno, mkono umenyooshwa, na hatakiwi kusogea. Misuli inayokazwa bila kulegezwa hujibana mishipa yake ya damu. Kwa sababu hiyo huchoka haraka kuliko misuli inayokaza na kulegea kwa zamu, kama ya mtu atwangaye. Kuna kitanua kinachotatua sehemu ya tatizo hili kwa werevu: kimefungiwa kipande kizito cha chuma kinachoning'inia chini, nacho huvuta chenyewe muda wote wa upasuaji. Msaidizi huchoka, bali graviti haichoki.

Mwanga

Taa ya darini humulika vizuri tumbo lililo wazi. Lakini njia ya uke imelala mlalo, na kichwa cha mpasuaji huikinga nuru. Mpasuaji hupinda shingo kutafuta mwanga, na msaidizi hupinda kiuno kumpisha.

Hapa yafaa kukumbuka kwamba nguvu ya mwanga hupungua kwa mraba wa umbali. Taa ndogo ikisogezwa kutoka meta 1 hadi nusu meta, mwangaza wa mahali pale huongezeka mara 4. Taa ya kichwani inayotumia betri, hata ikiwa hafifu kuliko ile ya darini, humulika kila aangaliapo mpasuaji. Tena, haimwachi gizani umeme unapokatika.

Mwili wa mpasuaji

Kichwa cha mtu mzima kina masi ya kilogramu 5 hivi, yaani uzito wa nyutoni 50. Tuichukulie shingo kuwa egemeo, na misuli ya nyuma kuwa inavuta umbali wa sentimeta 5 kutoka hapo. Kichwa kikiwa wima, tuseme kitovu cha uzito kiko sentimeta 2 mbele ya egemeo. Misuli huvuta kwa 50 × 2 ÷ 5, yaani nyutoni 20. Mpasuaji akiinamia kazi hata kitovu kikasogea sentimeta 10 mbele, misuli huvuta kwa nyutoni 100, sawa na kubeba nusu ya ile ndoo ya maji kwa shingo peke yake. Akiwa na wagonjwa 4 kwa siku, ni dhahiri kwamba jioni atakuwa mgonjwa wa 5.

Kinga yake haihitaji fedha nyingi. Kiti kiweze kupandishwa na kushushwa. Meza iwekwe hata viwiko vya mpasuaji aliyeketi viwe karibu na kimo cha kazi. Vyombo viwekwe upande wa mkono unaovitumia. Msaidizi mfupi apewe kigoda cha kusimamia. Na timu ipumzike dakika chache baina ya sehemu moja ya kazi na nyingine.

Vifaa vilichongwa kwa mkono wa nani?

Historia ya vifaa vya upasuaji wa wanawake ina mafunzo mawili. La kwanza ni la uchungu. Kitanua kilichopinda ambacho hutumika hata leo hubeba jina la J. Marion Sims wa Alabama, Marekani. Katika miaka ya 1840 aliboresha upasuaji wake kwa kuwapasua wanawake watumwa bila nusukaputi, nao hawakuwa na uwezo wa kukataa. Majina ya watatu kati yao yamehifadhiwa: Anarcha, Lucy na Betsey. Yafaa mwanafunzi ajue kwamba kifaa kizuri chaweza kuwa na asili mbaya, na kwamba wanawake hao ni sehemu ya sayansi hii.

La pili latoka kwetu katika nchi za Maziwa Makuu. Mwaka 1879, Robert Felkin, Mwingereza aliyekuwa safarini, alishuhudia mganga wa Bunyoro, katika Uganda ya leo, akimpasua mama na kumtoa mtoto. Mganga alitumia kisu, mvinyo wa ndizi wa kumlevya mgonjwa na kuoshea mikono na tumbo, na chuma cha moto cha kuzuia damu. Jeraha alilifunga kwa misumari 7 myembamba ya chuma iliyosuguliwa vizuri, akaizungushia uzi wa gome la mti. Felkin alichapisha habari hizo mwaka 1884. Vyombo hivyo vilitokana na kazi na vitu vya nchi ile ile, vikatumiwa na mkono uliovizoea.

Leo karibu kila chombo cha hospitali zetu hutoka ng'ambo, na kilipimwa kwa mikono mingine. Mwaka 2004, huko Marekani, Berguer na Hreljac walichapisha majibu ya wapasuaji 726 wanaotumia vifaa virefu vya kupasulia tumbo kwa matundu. Waliovaa glavu za namba 6.5 na chini yake, ambao wengi wao ni wanawake, walipata taabu zaidi kuliko wenye mikono mikubwa. Mikono haikuwa na kosa, ila kifaa hakikuwahesabu. Kadiri binti zetu wanavyoingia katika udaktari, swali hili litakuwa letu pia. Katika hospitali za Tarime au Mugumu, kama katika hospitali nyingi za wilaya, seti ya vyombo haina budi kuwahudumia watu wa vimo na viganja mbalimbali. Na mgonjwa anayehitaji kazi ngumu zaidi hulazimika kupelekwa mbali, pengine hadi Bugando, Mwanza, mwendo wa zaidi ya kilometa 200. Mkono mmoja unaotunzwa usichakae mapema ni hazina kwa wilaya nzima.

Jaribio la darasani

Vitu: kopo refu la maziwa lililotolewa mfuniko, kitambaa, shazia butu, uzi, koleo lenye mdomo mrefu, tochi na saa.

1. Bandika kitambaa ndani, kwenye kitako cha kopo. Lilaze kopo juu ya meza, mdomo ukukabili.
2. Keti. Kwa kutumia koleo, shona mishono 5 kitambaani huku mwenzako akimulika kwa tochi. Andika muda uliotumia.
3. Rudia meza ikiwa sentimeta 15 juu ya kiwiko, kisha sentimeta 15 chini yake.
4. Rudia tena tochi ikiwa imefungwa kichwani kwako.
5. Badilishaneni: mrefu na mfupi, mwenye kiganja kikubwa na kidogo. Linganisheni muda, unadhifu wa mishono, na mahali mwili ulipouma.

Maswali

1. Kishika-sindano kina mikono ya sentimeta 18 na taya za sentimeta 3 kutoka kwenye egemeo. Tafuta manufaa yake ya kimakanika. (Jibu: 6)
2. Kwa nini haifai kukipa kibano cha nyama manufaa ya kimakanika makubwa?
3. Taa inasogezwa kutoka sentimeta 90 hadi sentimeta 30. Mwangaza huongezeka mara ngapi? (Jibu: 9)
4. Taja vifaa vitatu vya nyumbani kwenu visivyolingana na mwili wa anayevitumia. Ungevirekebishaje?

Hitimisho

Tumeona kwamba kanuni zinazomchosha mpasuaji ndizo zilizomshusha mgonjwa kizazi: mzigo uliobebwa muda mrefu na mwili ambao hakuna aliyeupigia hesabu. Kwa hiyo tiba haikamiliki katika chumba cha upasuaji. Baada ya matengenezo, kwa kawaida mama huambiwa asinyanyue kitu kizito kwa wiki 6 hivi. Katika nyumba iliyo mlimani, mbali na maji, agizo hilo ni swali kwa jamaa nzima: ni nani atakayeteka? Jibu laweza kuwa punda, ambao wenyeji wa Tarime na Serengeti wanajua sana kuwatumia. Laweza kuwa mkokoteni, ndoo ndogo ya lita 10 badala ya 20, bomba la kijiji, au mume na wavulana wa nyumba hiyo. Daktari akisha kushona vema kwa kifaa chema, ndoo ya kwanza itakayobebwa ndiyo itakayoupima mshono wake.